Muulize Mwalimu wa Fizikia: Nyutroni inakimbia hivyo, Einstein yuko wapi?

SWALI: Jambo Mwalimu. Niko mwaka wa tatu wa fizikia hapa Bukavu. Asistenti wetu anasema nyutroni yenye nishati ya megaelektronivolti 250 inapita nusu ya kasi ya mwanga. Lakini ikigonga deuteroni (kiini chenye protoni moja na nyutroni moja), mlinganyo wa Schrödinger, ule wa mwendo wa chembe ndogo, ambao haumjui Einstein na nadharia yake ya uhusianifu kabisa, unatoa jibu karibu sawa na ule unaomjua. Inawezekanaje? (Msomaji, Kadutu)

JIBU: Hakukudanganya, mwanangu, ila alikatisha hadithi pale ilipoanza kunoga.

Shika kalamu kwanza. Masi ya nyutroni ikihesabiwa kama nishati ni megaelektronivolti 939.6. Kwa fomula ya sekondari, ile ya Newton, 250 inakupa asilimia 73 ya kasi ya mwanga. Kwa ya Einstein, 61. Pengo hilo si la kufumbiwa macho. Kwa megaelektronivolti 10 fomula zote mbili zinatoa kati ya asilimia 14 na 15, hapo unaweza kulala usingizi.

Sasa jiulize kani yenyewe ya nyuklia, ile inayoshika nukleoni (yaani protoni na nyutroni) pamoja, tuliipata wapi. Modeli za kani hiyo, kama AV18 na CD-Bonn, zilirekebishwa mpaka zikalingana na vipimo vya nukleoni mbili zikigongana, hadi megaelektronivolti 350. Vipimo hivyo vilichukuliwa katika ulimwengu ambamo Einstein anatawala tayari! Kwa hiyo nukleoni zikiwa mbili, unaweza kuitengeneza kani upya kwa sheria zake na mtawanyiko, yaani jinsi zinavyotawanyika baada ya kugongana, ukabaki uleule. Matata yanaanza ya tatu ikiingia, na nyutroni yako pamoja na mbili za deuteroni ni tatu.

Chukua wachuuzi wawili wanaopatana bei ndani ya boti ya Goma, na mtu anayewatazama kutoka kisiwa cha Idjwi. Kwa Newton, mwendo wa boti haugusi mapatano yao. Kwa Einstein, huyo wa ufukweni lazima ageuze saa na vipimo vya urefu kwanza. Vivyo hivyo kani kati ya nukleoni mbili inabadilika jozi ikiwa mbioni mbele ya ya tatu, na inabidi ikokotolewe upya kwa kila mwendo wa jozi ndani ya milinganyo ya Faddeev, ile ya chembe tatu. Kazi ya kuvunja mgongo.

Witała na Golak wa Kraków, pamoja na Glöckle na Kamada, waliifanya na kuichapisha mwaka 2005. Mwendo wa jozi unadhoofisha mgongano. Wakati huohuo idadi ya nafasi ambazo chembe zinaweza kutokea nazo inaongezeka. Moja inashusha, nyingine inapandisha, kinachobaki ni kidogo, na zaidi kiko kwenye pembe za nyuma, nyutroni inaporudi ilikotoka. Mzunguko wa spini wa Wigner, yaani kugeuka kwa mwelekeo wa spini ya chembe kwa sababu ya mwendo, haukuleta jambo kubwa.

Ndiyo maana sipendi kusikia eti athari ni ndogo. Ni mbili kubwa zinazofutana, na hakuna aliyeahidi kwamba zitafutana kila mahali. Deuteroni ikivunjika, chembe tatu zikatoka kila moja kwa njia yake, kuna mipangilio ambamo Einstein anaonekana waziwazi. Mwambie asistenti akupe hiyo.

Kuhusu pembe za nyuma: kwa 250, hesabu yenye kani za jozi pekee iko chini ya vipimo, na Einstein hakuziba pengo. Kani ya nukleoni tatu, ile inayojitokeza zikiwa tatu pamoja tu, ikiongezwa, bado halifungiki. Wengi wanashuku kani hiyo ya tatu ina vipande vya masafa mafupi ambavyo hesabu hizo hazikuvitia.