Zawadi za Bali: Ninunue Wapi?

SWALI: Mhariri, mwezi ujao ninasafiri kikazi kwenda Bali, Indonesia, na ndugu zangu wameniagiza vinyago na vitambaa. Nimezoea kupatana bei hapa Makoroboi. Je, huko nako watu hupatana? – Msomaji, Kirumba, Mwanza

JIBU: Hupatana, ndugu msomaji, tena kwa upole na tabasamu. Nenda Sukawati, soko la sanaa lililoko Gianyar, na uwahi asubuhi, kwa sababu wauzaji wengi huamini kwamba mteja wa kwanza hufungua riziki ya siku nzima, imani ambayo wachuuzi wetu wa kando ya ziwa wanaifahamu vyema, na kwa hiyo humpunguzia bei.

Vinyago, hata hivyo, ningekushauri uvifuate kijijini Mas, ambako utamkuta mchongaji mwenyewe kazini. Kigeuze kinyago utazame upande wa ndani: kilichochongwa kwa mkono mara nyingi huwa na alama za patasi zisizolingana. Ukiona vijitundu vinavyodondosha unga laini, kiache, kwa maana wadudu wameshaingia. Ukitaka na vito vya fedha, viko kijijini Celuk.

Kuhusu vitambaa, kilicho bora kabisa ni geringsing ya kijiji cha Tenganan, ambayo nyuzi zake zote, za mtande (zinazokwenda urefu) na za mshindio (zinazokwenda upana), hufungwa na kutiwa rangi kabla ya kufumwa. Kazi hiyo huweza kuchukua miaka, na kumwomba mfumaji akupunguzie nusu ya bei ni kumvunjia heshima.