Jibu: Mteja anayesema hofu humjia bila sababu

Salaam, ndugu. Umeeleza kwamba mteja wako mwenye mashambulio ya hofu husimulia mapigo ya moyo na kukosa pumzi tu, na ukimuuliza chanzo hujibu kwamba yalimjia ghafla. Kwanza hakikisha daktari amekwisha kumpima moyo na tezi ya thairoidi iliyo shingoni, kwani maradhi ya viungo hivyo huleta dalili kama hizo.

Kisha, katika tiba ya mazungumzo ya kisaikodinamia, yaani ile inayotafuta hisia zilizofichika nyuma ya dalili, acha kumuuliza "kwa nini". Mwombe asimulie saa chache kabla ya shambulio: alikuwa na nani, waliambiana nini, na neno gani alilimeza. Katika kazi yangu, hapo ndipo mara nyingi hujitokeza hasira dhidi ya mtu ambaye mteja humtegemea, pamoja na woga wa kuachwa na mtu huyo. Usikimbilie kumfasiria, mwache aione mwenyewe. Akipatwa na shambulio la hofu baada ya wewe kuahirisha kikao, lizungumzeni waziwazi, maana hisia ileile sasa imeelekezwa kwako.

Katika utafiti wa Barbara Milrod, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, na wenzake uliochapishwa mwaka 2007, tiba hii kwa wenye mashambulio ya hofu ilikuwa na vikao 24, viwili kwa wiki. Anza mapema kuzungumzia kuagana mwishoni mwa tiba, kwa sababu dalili huweza kurudi wakati huo.