Ukomo wa Pesa za Kampeni: Majibu kwa Maswali Yenu

Swali: Ni kweli kwamba Kenya haina sheria ya kudhibiti pesa za kampeni?

Sheria ipo tangu 2013, na Kifungu cha 88 cha Katiba kinaipa tume ya uchaguzi, IEBC, jukumu la kudhibiti matumizi ya wagombea na vyama. Hata hivyo, Bunge liliahirisha utekelezaji wa sheria hiyo hadi baada ya uchaguzi wa 2017, na IEBC ilipotangaza viwango mwaka 2021, cha mgombea urais kikiwa takribani shilingi bilioni 4.4, Bunge la Kitaifa lilizikataa kanuni zake. Wabunge ndio wagombea, kwa hivyo msukumo hauna budi kutoka kwa wapigakura.

Swali: Majirani zangu husema pesa za mgombea ndilo fungu lao pekee. Nitawashawishi vipi?

Usianze kwa kuwalaumu. Katika kampeni za 2022 nilimwona mama mmoja akifunga noti ya shilingi 200 kwenye pindo la leso, na alipoambiwa ameuza kura yake, alijibu kwamba watoto hawajala tangu jana. Sina hotuba ya kumjibu mama huyo. Zungumza na watu kama yeye msimu wa kampeni ukishapita, kwenye kikao cha chama cha akina mama, na muanzie kwenye zahanati isiyo na dawa: aliyetumia pesa kuliko mshahara wake wa miaka mitano atazirudisha kupitia zabuni gani? Kisha muulizane ni nani hapo kijijini mnayemwamini kuliko wote, na kwa nini hajawahi kugombea.

Swali: Kuna nchi jirani iliyowahi kufaulu?

Tanzania ilipiga hatua. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2000 yaliruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapigakura. Mashirika ya kiraia, kikiwemo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, yakaenda Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2006 ilivitangua vifungu hivyo. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ikafuata mwaka 2010. Hongo haikuisha, lakini haikuweza tena kujificha nyuma ya sheria.

Swali: Tuanzie wapi?

Kifungu cha 119 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni. Andikeni ombi fupi la kutaka viwango vitangazwe miezi 12 kabla ya uchaguzi, kama sheria inavyoagiza, na msiwaache nje waliopokea pesa, maana wao ndio wanaojua vyema zilivyogawanywa.