Mkaguzi, paa na karatasi ya waranti: maswali yenu ya mwezi huu

Safari hii barua karibu zote zimegonga mlango mmoja: mkaguzi wa nyumba ampe mteja waranti ya paa, au kazi yake iishie kwenye ripoti? Sishangai. Hapa Dallas na Fort Worth msimu wa mvua ya mawe umeshaingia, na ndio msimu huohuo watu wetu wanahangaika kununua nyumba. Nina leseni ya ukaguzi ya Texas, kwa hiyo najibu kwa taratibu za hapa. Aliye Minnesota au Georgia, ambako jimbo halimtaki mkaguzi awe hata na leseni, asome akilikumbuka hilo.

Nanunua nyumba yangu ya kwanza, Grand Prairie. Mkaguzi mmoja anataka dola 475 na anatoa waranti ya paa ya miaka 5 bure. Mwingine anataka 450, hatoi kitu. Dalali wangu anasema nichukue wa waranti ili nilale usingizi. Unaonaje? (Mama wa watatu)

Mama, hiyo bure ina mwenyewe. Mara nyingi mkaguzi ameinunua kwa kampuni ya waranti kwa bei ya jumla, kisha anaitumia kujinadi. Si kosa hilo. Lakini omba mkataba wenyewe, usikubali kipeperushi, na uusome kabla hujalipa.

Iliyopita mikononi mwangu inafanana kama mapacha. Inalipia kuziba panapovuja, basi. Dari iliyooza, zulia lililolowa, kochi lililoharibika, hayo ni yako. Inakubali paa la vigae vya lami, haya ya kawaida ya hapa. Bati na vigae vya udongo vinaachwa nje. Ina kikomo cha fedha, na hicho kikomo hakikaribii bei ya kuezeka upya, ambayo kwa nyumba ya kawaida inaanzia kwenye dola elfu kumi hivi na kupanda. Upepo mkali na mvua ya mawe havimo. Sasa Texas ya kaskazini ukiondoa upepo na mvua ya mawe, paa limebakiwa na adui gani? Jua tu.

Halafu kuna kifungu kimoja, huwa kimejificha karibu na mwisho: kasoro iliyotajwa kwenye ripoti ya ukaguzi hailipiwi. Kitafakari hicho, mama. Mkaguzi akiwa na macho makali na mkono mwepisi wa kuandika, waranti inakonda. Akiandika "paa liko katika hali ya kuridhisha" na kushuka ngazi, waranti inanenepa. Sisemi wenzangu wanafanya hivyo makusudi. Nasema karatasi hiyo inamlipa asiyeandika.

Niliwahi kuitoa mimi mwenyewe, karibu miaka miwili. Iliyonitoa huko ni nyumba moja ya Arlington. Mwenye nyumba aliniita mwaka wa pili, dari ya jikoni ina doa la rangi ya chai, kubwa kama sinia, limepinda pembeni. Nikapanda. Bomba la kupumulia la choo linatoka paani likiwa limevishwa kola ya mpira, na kola ile ilikuwa imepasuka nusu duara, unaingiza kidole. Nilipofungua ripoti yangu ya zamani, sentensi hii hapa: "Kola ya mpira imepasuka, ibadilishwe." Kubadilisha ni kazi isiyofika saa moja. Kumbe yeye aliisoma, akaona pesa za nini na waranti ninayo, itakapovuja wataziba. Ilipovuja, kampuni ilimkatalia kwa barua iliyonukuu sentensi yangu neno kwa neno. Tangu siku hiyo sitoi.

Kwa hiyo usichague kwa dola 25 wala kwa waranti. Waulize wote wawili: unapanda paani? Unaingia juu ya dari na tochi? Nipe ripoti moja ya zamani niione, umefuta majina. Yule ambaye ripoti yake ina picha za kola, za mabati yanayoziba maungio ya paa na dohani, na za mbao zilivyo kwa ndani, ndiye wako. Akiwa ni yule wa waranti, vizuri, ichukue na uiweke kabatini. Alichokikuta umdai muuzaji atengeneze, au ashushe bei, ndani ya zile siku chache ulizolipia haki ya kujitoa kwenye mkataba. Zikipita, nguvu imekutoka mkononi.

Shikamoo mzee. Nimepata leseni mwaka huu, niko Houston. Wenzangu wote wanatangaza waranti ya paa na madalali wanaipenda. Nisipotoa nitapata wapi wateja?

Marahaba, kijana wangu. Tenganisha mambo mawili. Kuna kuuza au kugawa waranti ya kampuni nyingine, na kuna kusema kwa kinywa chako "paa hili halitavuja, likivuja niite". La pili usilithubutu. Sisi tunaangalia kinachoonekana, saa mbili tatu, siku moja, pengine siku ya jua. Hatufunui vigae, hatuhesabu misumari iliyo chini yake. Kanuni za InterNACHI, chama cha wakaguzi wa nyumba, zinasema waziwazi kwamba mkaguzi halazimiki kutabiri paa litaishi miaka mingapi, wala kulitolea dhamana au cheti. Wengi huiona hiyo kuwa kinga ya wavivu. Mimi naiona ni ukweli wa kazi: huwezi kudhamini usichokiona.

Kisha kuna bima yako. Texas inakutaka uwe na bima ya kazi isiyopungua dola 100,000 kwa tukio, na bima za namna hii kwa kawaida hukataa kulipia ahadi za dhamana ulizotoa mwenyewe. Yaani umemwahidi mteja, paa limevuja, bima inakuambia hilo ni lako na mkeo. Isitoshe, mkataba wa kulipwa ili uitengeneze nyumba ya mtu kwa muda fulani una sheria na leseni yake mbali na ya ukaguzi. Tangu 2021 unasimamiwa na TDLR, idara ya leseni ya Texas. Kabla hujachapisha kipeperushi chochote, lipa saa moja ya wakili. Ni rahisi kuliko kesi.

Ukiamua kugawa ya kampuni nyingine, mpe mteja mkataba mzima kabla hajakulipa, mwambie kwa mdomo vitu vitatu visivyolipiwa, na usibadilishe hata nukta ya ripoti kwa sababu yake. Ukijikuta unasita kuandika "vigae vimepoteza chembe upande wa kusini" kwa kuwa utamharibia mteja waranti, jua umeshaanza kumfanyia kazi mtu mwingine.

Kuhusu wateja, sikudanganyi: mwaka wa kwanza nilipoacha nilipoteza madalali wawili. Waliobaki ni wale wanaotaka mteja asirudi kuwalaumu. Hao ndio wanaokulisha.

Baada ya ukaguzi nimeanza kupigiwa simu na watu wa kengele za wezi, wanajua hata siku ninayohamia. Wamelipata wapi jina langu? (Fort Worth)

Soma mkataba wa ukaguzi uliousaini, hasa pale penye huduma za bure. Baadhi ya hizo waranti hulipiwa kwa taarifa zako: unasaini kwamba jina, simu na anwani vitapewa "washirika". Kanuni ya maadili ya ASHI, chama cha wakaguzi kilichoanzishwa 1976, inamkataza mkaguzi kutoa taarifa za mteja bila ridhaa yake, na kupokea malipo kwa kupendekeza huduma au bidhaa kwa mteja. Tatizo ni kwamba ridhaa yenyewe pengine uliitoa ukiwa na kalamu mkononi na mtoto mgongoni. Waandikie barua pepe kwamba umeiondoa. Mteja ajaye akate mstari huo kabla ya kusaini. Sijasikia mkaguzi aliyekataa kazi kwa hilo.

Mkaguzi wangu hakupanda, alisimama kwenye ngazi akatazama. Amenidhulumu?

Inategemea. Kanuni za Texas zinamruhusu asipande akiona hawezi kufika au kukaa juu salama, au kwamba atalivunja paa kwa kulikanyaga. Paa lenye mwinuko mkali, limelowa, la vigae vya udongo, hata mimi sipandi. Anachotakiwa ni kukuandikia ameliangalia akiwa wapi. Kwenye fomu ya jimbo kuna sehemu yake kabisa, chini ya aina ya paa. Itazame. Ikiwa imeandikwa alitazama akiwa chini na paa ni la ghorofa moja, limelala kama meza, muulize kulikoni. Siku hizi droni ipo, na ile ya kamera nzuri inaona hata msumari uliochomoza. Lakini droni haikanyagi, na kuna ubao uliolainika ambao ni mguu peke yake unaoujua.

Muuzaji anasema paa lina waranti ya maisha. Si inatosha?

Maisha ya nani? Ya kiwanda mara nyingi inahusu kasoro ya kigae chenyewe, si fundi aliyekipigilia vibaya. Thamani yake hupungua miaka ikienda. Na kuihamishia kwa mnunuzi huwa ni mara moja tu, tena kwa kuwaarifu ndani ya muda maalumu. Mdai karatasi na risiti ya fundi. Kama hana, hesabu hakuna.

Na kama unakopa kwa FHA, ule mkopo wa nyumba unaodhaminiwa na serikali ya Marekani, usimchanganye mthamini, anayekadiria bei ya nyumba kwa ajili ya mkopo, na mkaguzi. Mthamini anatakiwa kuona paa limebakiwa na angalau miaka 2. Miaka miwili, ndugu yangu, na wewe unakopa kwa miaka 30.

Baada ya mvua ya juzi fundi wa paa amebisha hodi. Anasema atanibadilishia paa zima, atanipa waranti ya miaka 10, na ile sehemu ya gharama ninayopaswa kuibeba mwenyewe kabla ya bima "ataimeza" yeye. Nikubali?

Hapana. Tangu Septemba 2019 sheria ya Texas inakataza kontrakta kukusamehe hiyo sehemu, na bima inaweza kukudai uthibitisho kwamba umeilipa. Anakukaribisha kwenye udanganyifu wenye sahihi yako. Jingine: Texas haitoi leseni kwa mafundi wa paa. Yeyote mwenye ngazi na pikapu ni fundi. Waranti yake ya miaka 10 itadumu kadiri namba yake ya simu itakavyodumu, na wanaofuata dhoruba huhama nayo. Piga picha mawe ya mvua kama bado yapo, yaweke kando ya sarafu. Piga picha pia mashine ya hewa baridi iliyo nje, mapezi yake hubonyea kabla ya kitu kingine chochote. Kisha, kabla ya fundi yeyote, piga simu bima yako.

Niko Arlington, najenga Bagamoyo. Fundi anasema bati lina waranti ya kiwanda, nisiwe na wasiwasi. (Baba Texas)

Muulize geji. Namba ikiwa ndogo ndivyo bati linavyokuwa nene, kwa hiyo usiuziwe 32 kwa jina la 28. Na ulizia waranti hiyo inasemaje kuhusu nyumba iliyo karibu na bahari, maana chumvi ya Bagamoyo haibembelezi bati. Uvujaji mwingi utatokana na misumari: kwenye bati la mawimbi ipigwe mgongoni mwa bati, sio bondeni maji yanakopita, na kila mmoja uwe na mpira wake. Usimwombe aliyeezeka akuthibitishie kazi yake. Tafuta fundi wa pili, mlipe siku yake, apande asubuhi kabla bati halijawaka, na akupigie video akitembea mstari kwa mstari.