Mafuta ya Mkaratusi na Mafua ya Mtoto

Swali: Shikamoo Shangazi. Nimenunua Kariakoo kichupa cha mafuta ya karafuu na kingine cha mkaratusi. Mwanangu wa miezi 8 ana mafua, jirani kaniambia nimpake puani na kifuani. Nimpake?
*Mama Kichanga, Mbagala*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usimpake! Mkaratusi una kemikali iitwayo sineoli, ambayo kwa mtoto mdogo hivyo inaweza kumbana pumzi. Mnyonyeshe mara kwa mara, na duka la dawa waombe matone ya maji ya chumvi ya puani. Akihema kwa shida, mkimbize zahanati hata kama ni usiku.

Karafuu ni ya wakubwa. Marehemu mama yangu, tukikaa Temeke, alichovya pamba akaibana kwenye jino bovu. Ndani ya karafuu mna kemikali iitwayo yujenoli, hutia ganzi kweli, ila tundu lilibaki palepale hadi aling'olewa. Kule Wawi, Pemba, mafuta haya hutolewa kwa mvuke, na hata makonyo, vile vijiti vya karafuu, hayatupwi. Ndiyo maana ni makali: ukiupaka mgongo wako, tone 1 tu kwenye kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi. Na usiyanywe, hata akikuapia nani.

Ule mkaratusi dondoshea kwenye karatasi. Kesho ukikuta doa kama la andazi, umeuziwa mchanganyiko. Kariakoo hiyo, wala usishangae. Vichupa vyote viweke juu ya kabati, maana huyo wa miezi 8 karibu ataanza kusimama.