Irina: The Vampire Cosmonaut – jibu langu kwa mnaosema "vampaya gani hanyonyi damu"

Mkuu uliyeanzisha uzi, umeuliza kama anime (katuni ya Kijapani) ya Irina: The Vampire Cosmonaut inafaa kutazamwa, maana humu wapo wanaoisifu mno na wapo walioiacha sehemu ya tatu wakidai ni ya vampaya kwa jina tu. Mimi nimeimaliza, kisha nikairudia na mdogo wangu wa kike, ambaye kwa kawaida hana habari kabisa na anime. Kwa hiyo nitajibu kwa kirefu, na nitafichua mwisho, usiyetaka kujua ruka aya za chini.

Kwa ambao hamjaiona: ni sehemu 12 tu, ilirushwa Oktoba hadi Desemba 2021, kazi ya studio ya Arvo Animation, na imetokana na riwaya za Keisuke Makino. Mwaka ni 1960. Kuna mataifa mawili, Zirnitra na Arnack, na huhitaji kuambiwa kwamba ni Umoja wa Kisovieti na Marekani. Zirnitra imeshatuma mbwa angani, sasa inataka kutuma binadamu kabla mshindani hajaiwahi, lakini inaogopa atakufa huko juu. Basi wanamleta binti vampaya, Irina Luminesk, ili majaribio yaanzie kwake. Luteni Lev Leps, aliyeshushwa hadi mwanaanga wa akiba baada ya kumpiga mkubwa wake, ndiye anapewa kazi ya kumfundisha na kumchunga usiku na mchana. Anaelezwa waziwazi kwamba yule si mtu, ni kifaa cha majaribio.

Hapo ndipo penye jibu la wanaolilia damu. Irina ni vampaya kwa sababu hadithi inamtaka kiumbe ambaye kila mtu ameshakubali kwamba akifa hakuna wa kulaumiwa. Sisi tuliokua tukitishiwa mumiani tunajua mambo haya yanavyokwenda: uvumi ukishamwandama mtu, hakuna anayeuliza ushahidi. Watu wa kituoni wanamwogopa Irina na kumkwepa. Yeye ndiye mwenye sababu ya kweli ya kuwaogopa, kwani wazazi wake waliuawa vitani na binadamu. Kadiri sehemu zinavyosonga unagundua kwamba mengi yanayosemwa kuhusu jamii yake ni ya kusikia tu. Meno anayo, masikio yamechongoka, lakini anaogopa kwenda juu kama mtu yeyote anayeogopa kwenda juu.

Na hilo la woga ndilo lililonikamata mimi. Mwanaanga wao anatakiwa kushuka kwa parachuti, asipoweza kuruka mradi umekwisha kwake, na kwa kiumbe kama yeye maana yake anaweza "kuondolewa". Lev hamfokei wala hampi hotuba. Anakaa naye, anafanya naye mazoezi, anaruka naye. Angalieni jinsi Irina anavyomjibu kwa ukali kila anaposaidiwa, halafu ukali unapungua kidogo kidogo, hautoweki ghafla. Damu mnayoitafuta ipo, tena iko hapa: anamng'ata Lev kwa ridhaa yake mwenyewe Lev, na tukio lile ni la aibu na la kuaminiana kuliko la kutisha. Mdogo wangu alikuwa anachezea simu mpaka pale. Akaiweka chini.

Tukio la pili ni safari yenyewe. Irina yuko angani, redio ya Lev na wenzake chini inasubiri sauti, na kwa kuwa mataifa mengine yanaweza kunasa mawimbi, anachosoma ni mapishi ya borshi, ile supu yao ya biti. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani ni ubunifu wa waandishi. Sivyo. Machi 1961, kabla ya Yuri Gagarin, binadamu wa kwanza angani, Wasovieti walirusha sanamu la mtu waliloliita Ivan Ivanovich, na ili kujaribu mawasiliano waliweka kanda yenye kwaya na mapishi ya borshi, ili anayesikiliza nchi za nje asidhani kuna jasusi au mwanaanga halisi mle ndani. Anime imechukua kanda ile ikaiweka kinywani mwa binti aliye hai. Ukilijua hilo, unamsikia anataja viungo vya supu unasisimka mwili.

Hii inanipeleka kwa mdau aliyeandika kwamba siri kubwa namna ile isingewezekana kufichika. Ndugu yangu, iliwezekana. Laika, mbwa wa Kisovieti, alirushwa angani tarehe 3 Novemba 1957 akafa kwa joto ndani ya saa chache tu, ukweli huo ukaja kutangazwa 2002. Gagarin mwenyewe tarehe 12 Aprili 1961 hakutua na chombo, alirushwa nje akashuka kwa parachuti, na wakubwa walilificha jambo hilo kwa sababu kanuni za rekodi za kimataifa zilitaka rubani atue na chombo chake. Mhandisi mkuu wa safari zao za anga, Sergei Korolev, jina lake halikutajwa hadharani mpaka alipofariki 1966. Valentin Bondarenko, mwanaanga aliyekuwa mafunzoni, aliungua hadi kufa kwenye chumba cha mazoezi Machi 1961, na habari zake zikatangazwa kwao 1986. Kwa nchi iliyoweza kufanya hayo, kumficha Irina ni kazi ndogo.

Lawama ninazozikubali zipo. Baada ya Irina kurudi duniani, hadithi inahamia kwa Lev na kugombea kwake nafasi ya kuwa binadamu wa kwanza, na hapo mwendo unapooza. Mikhail na Roza, wapinzani wake, wangeweza kupewa nafasi kubwa zaidi, hasa Roza. Picha za halaiki ya watu zimechorwa kwa haraka, inaonekana. Sehemu moja au mbili zaidi zingesaidia.

Lakini hotuba ya mwisho siikubali lawama yake. Lev amerudi, umati unashangilia, hotuba ameandikiwa, naye anaiacha na kutamka mbele ya dunia nzima kwamba wa kwanza alikuwa Irina. Wengi mnasema angekamatwa palepale. Mimi naona waandishi walilifikiria: kiongozi wa nchi, Gergiev, anapiga hesabu za siasa jukwaani na kuona kuna faida ya kuukumbatia ukweli ule. Hakuna aliyegeuka kuwa mwema ghafla. Lev alihatarisha kila kitu, na mfumo ukachagua kilichoufaa. Kwangu huo ni mwisho mgumu, wenye akili, na unamheshimu Irina kwa sababu anapewa alichokifanya, si huruma.

Kwa hiyo mkuu, itazame, ila usiihukumu kabla ya chombo kuruka. Na chagua sauti ya Kijapani, usiende kwenye ya Kiingereza. Irina ameigizwa na Megumi Hayashibara, mkongwe wa kazi hiyo tangu miaka ya 1980, na yale majibu yake makali yenye woga ndani yake unayapata vizuri zaidi kwake.