Maswali na Majibu: Kii ya Windows kwenye mashine za klaudi

SWALI: Habari mkuu. Mimi ni tesita, programu yetu wateja wanaitumia kwenye Windows 11 na wengine bado wako 10. Laptop yangu haina nguvu za kuendesha mashine pepe (kompyuta ya kiprogramu ndani ya kompyuta), kwa hiyo nataka nikodi za klaudi, zinazokaa kwenye seva za watu mtandaoni, niwashe asubuhi nizime jioni. Nina kii, ile namba ya leseni, ya Windows Pro iliyokuja na laptop yangu nyingine iliyokufa, nimeiweka kwenye moja ya klaudi na imekubali fresh. Mwenzangu anasema hata kuaktiveti, yaani kuithibitisha kwa kii, sio lazima, testi ni testi. Hapo tuko salama?

JIBU: Salama hapana, nyote wawili. Kii kukubali ni jambo moja na leseni kukuruhusu ni jambo lingine kabisa, ile seva ya kuaktiveti haisomi masharti uliyokubali, yenyewe inaangalia namba tu. Windows iliyokuja na laptop kutoka kiwandani imefungwa kwenye laptop ile, ikifa imekufa nayo. Ile ya kununua dukani unaweza kuihamishia kompyuta yako nyingine, ila haikupi haki ya kuiendesha kwenye seva ya kukodi ya mtu, na kila mashine pepe inahesabiwa kama kompyuta inayojitegemea, yaani ukiwasha tatu ni leseni tatu. Na huyo wa bila kuaktiveti, hayo maandishi ya pale kona ya chini ya skrini ni Windows yenyewe inakwambia huna leseni, neno testi halifuti kitu hapo.

Sasa njia halali. Kama ofisi yenu ina subskripsheni za Visual Studio (zana za Microsoft za kutengenezea programu), zile za kulipia, mmeshapona nusu, maana zinaruhusu Windows 10 na 11 kwa kujenga na kujaribu programu, na ndani ya Azure, klaudi ya Microsoft wenyewe, zipo tayari unachagua tu. Ila hesabu yake ni ya watu, sio ya mashine: kila anayeingia humo kufanya testi awe na yake. Na isigeuke mashine ya kazi, maana huwa inaanza hivyo hivyo, mara mhasibu kaomba aingie mara moja kuprinti ripoti, wiki ijayo ndo kompyuta yake.

Njia nyingine ni Windows Enterprise E3 au E5, vifurushi vya kampuni vinavyolipiwa kwa kila mtu, au Microsoft 365 E3 na E5 ambazo Windows imo ndani. Hizo nazo Azure zinakubalika. Oktoba 2022 Microsoft walilegeza mkaweza kuzipeleka kwa wakodishaji wengine wa seva, lakini Amazon, Google na Alibaba wakaachwa nje ya huo mlegezo, kwa hiyo kabla hujalipia klaudi yoyote uliza hilo kwanza, sio bei ya saa. Binafsi naona ni ushindani wa kibiashara umevalishwa nguo za leseni, ila sheria ni yao.

Lakini je, lazima iwe Windows ya mezani, hizi 10 na 11? Windows Server, ile ya kuendeshea seva, leseni yake tayari imo kwenye bei ya saa kwa wakodishaji wote wakubwa, hudaiwi kii wala nini. Windows 11 toleo la 24H2 na Server 2025 zote zina namba ya bildi 26100, ukiandika winver kwenye kutafuta utaiona, yaani msingi wao ni mmoja, kwa hiyo testi nyingi za kila siku zitakupa majibu yale yale. Zinapoachana ni kama kwenye instola, ile inayoweka programu kwenye mashine: kuna programu zinauliza mfumo ni wa aina gani, ya mezani inajibu 1, Server inajibu 3, na instola inagoma hapo hapo kabla haijanakili hata faili moja. Microsoft Store, duka lao la programu, nayo usiitegemee kwenye Server. Mimi ningeweka testi za kila siku kwenye Server, halafu Windows 11 halisi nikaibakiza kwa raundi ya mwisho kabla ya kutoa toleo, hapo leseni zinazohitajika zinakuwa chache sana.

Ile Windows Enterprise ya majaribio ya siku 90 ipo, inafaa kuangalia kitu kwa haraka, ila siku zikiisha mashine inaanza kujizima yenyewe kila saa, na itachagua katikati ya testi yako ndefu.

SWALI: Na macOS je, ule mfumo wa kompyuta za Mac? Naweza kuinstoli kwenye mashine pepe ya kawaida?

JIBU: Hapana, Apple wanataka iwe juu ya kompyuta ya Apple tu. Ndo maana kwenye klaudi ya Amazon unakodi Mac nzima, na muda wa chini ni saa 24, huo umetoka kwenye masharti ya Apple wenyewe. Hata ukitumia dakika ishirini unalipa siku nzima, kwa hiyo kusanya testi zote za Mac uzifanye siku moja.

SWALI: Ubuntu?

JIBU: Huo ni mfumo wa bure, washa hata mia, bili ni ya mashine tu.